Jina la Nchi Huanza Kuwa Jina la Nini? Mhadhara wa Tabora juu ya 'the' ya Kiingereza na 'U' ya Kiswahili



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowasumbua wanafunzi wa Kiingereza tangu darasa la kwanza la sarufi hadi chuoni. Kwa nini Kiingereza husema 'the Gambia' na 'the Netherlands', lakini hakisemi 'the Tanzania' wala 'the Kenya'? Kwa nini vitabu vya zamani huandika 'the Sudan', na magazeti ya leo huandika 'Sudan' peke yake? Mwanafunzi akiuliza, mara nyingi huambiwa akariri orodha. Anakariri, anafaulu mtihani, kisha anasahau, kwa sababu hakupewa sababu ya kukumbuka.

Sababu ipo, na ninaamini Tabora ni mahali pazuri kuliko pengi pa kuieleza. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Hapa majina ya nchi yalifika vichwani mwa watu pamoja na mizigo, yakaulizwa, yakatamkwa upya, yakaandikwa. Tukielewa majina yalivyotengenezwa kwenye njia yetu wenyewe, 'the' ya Waingereza haitakuwa fumbo tena.

Njia na majina yake

Tuifuate njia hiyo kwa majina yake. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Uzaramo, ukapanda Usagara, ukaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, ukavuka pori la Mgunda Mkali, ndipo ukafika Unyamwezi na kutua Unyanyembe, yaani hapa tulipo. Kutoka hapa njia ziligawanyika. Moja ilishuka magharibi kupitia Uvinza, penye chumvi, hadi Ujiji, kisha ikavuka ziwa kwenda Manyema. Nyingine ilipanda kaskazini-magharibi kupitia Karagwe hadi Uganda. Zilipita pembe za ndovu, vitambaa, shanga na chumvi, na walipita pia watu waliotekwa na kuuzwa. Hatuwezi kuitaja njia hii kwa fahari bila kuwataja hao.

Sikilizeni majina hayo: Uzaramo, Usagara, Ugogo, Unyamwezi, Uvinza, Ujiji, Uganda. Yote yana kiambishi kimoja mwanzoni. Wagogo wanakaa Ugogo, Wavinza wanakaa Uvinza. Msikiaji akilisikia jina la nchi, amekwisha kuwajua na watu wake. Kiambishi U- kinajibu swali moja: nchi hii ni ya nani?

Sasa angalieni jina mojawapo lililokosa kiambishi hicho, Mgunda Mkali. Hilo lilikuwa pori kubwa kati ya Ugogo na Unyamwezi, lenye maji machache na wakazi wachache, ambamo wapagazi waliteseka kwa kiu. Mgunda ni shamba, na mkali ni mkali. Msafiri hakukuta pale kabila moja la kuipa nchi jina, kwa hiyo akaliita pori kwa sifa yake. Tayari tuna aina mbili za majina. Moja linataja wenye nchi, lingine linaielezea ardhi kama ilivyomtokea mpita njia. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mhadhara wangu wote.

Zipo pia nchi zilizopewa jina kwa kuangalia upande. Kwa Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Wasukuma ni watu wa kaskazini, Wadakama ni watu wa kusini. Majina hayo humtegemea msemaji amesimama wapi. Hata Unyamwezi ni jina lililoenea kwa vinywa vya watu wa pwani. Wenyeji wa hapa kwanza walijitambulisha kwa nchi za watemi wao: Unyanyembe, Uyui, Ulyankulu, Ugunda na nyingine. Na nchi moja ilizaliwa kwa mtu mmoja. Mtyela Kasanda, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mirambo, alijenga dola yenye nguvu magharibi ya hapa na kuitawala hadi alipofariki mwezi Desemba 1884. Jina lake likatiwa kiambishi, nchi ikaitwa Urambo, na wilaya inaitwa hivyo mpaka leo.

Uganda ilipita Tabora

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika kwenye makazi ya wafanyabiashara waliyoyaandika kama Kazeh, chimbuko la mji huu, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton alilazimika kuwaeleza wasomaji wa London jambo ambalo kila mpagazi alilijua: U- ni nchi, M- ni mtu mmoja, Wa- ni watu wengi, Ki- ni lugha. Bila maelezo hayo, msomaji wake asingejua kwamba Mgogo, Wagogo, Ugogo na Kigogo ni jina moja lililovaa viambishi vinne.

Mwenyeji wa Burton na Speke alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu ambaye alikuwa amekwisha safiri hadi kwa kabaka wa kaskazini. Yeye ndiye aliyewasimulia juu ya Karagwe na Uganda kabla Mzungu yeyote hajafika huko. Waganda wenyewe huiita nchi yao Buganda. Kiswahili hakitumii Bu- kutaja nchi, hutumia U-, na kwa hiyo kwenye masimulizi ya misafara ikawa Uganda. Burton aliandika Uganda. Speke, aliyefika huko mwaka 1862, aliandika Uganda. Mwaka 1894 Waingereza walipotangaza himaya yao, waliipa jina hilohilo. Hivi leo Buganda ni ufalme ndani ya Uganda, na dunia nzima inaitaja nchi ile kwa kiambishi cha Kiswahili kilichopitia hapa Tabora.

Kuna jambo la sarufi ambalo naomba walimu wa Kiswahili wanisaidie kulieneza. Tunasema 'Uganda imeshinda' na 'Uingereza imetangaza'. Hatusemi 'Uganda umeshinda'. U- ya mwanzo haitawali tena upatanisho wa sentensi. Akilini tunasikia neno 'nchi', na kitenzi kinafuata ngeli ya 'nchi'. Kiambishi kilichoanza kikiwa na kazi kamili ya sarufi kimeganda na kuwa sehemu ya jina. Shikeni hilo, kwa maana 'the' nayo imepitia safari ya namna hiyo.

Kanuni ya Kiingereza

Neno 'the' kwa kawaida hukaa mbele ya nomino ya kawaida ambayo msemaji anadhani msikilizaji anaijua. Sisi kazi hiyo huifanya kwa 'yule', 'kile', au kwa kuweka kiwakilishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Jina la pekee halihitaji msaada huo. Fundikira ni Fundikira, Tabora ni Tabora. Kwa hiyo nchi nyingi kwa Kiingereza hazina 'the', na zile zenye 'the' ndizo zinazodai maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya. Nchi inapobeba 'the', jina lake kwanza lilikuwa jina la kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa cha aina ambayo Kiingereza hukipa 'the'. Aina hizo si nyingi. Mito hupewa: 'the Nile', 'the Rufiji', 'the Malagarasi'. Safu za milima hupewa: 'the Usambaras'. Majangwa na mbuga hupewa: 'the Sahara', 'the Serengeti'. Visiwa vilivyo kundi hupewa: 'the Comoros'. Lakini ziwa moja halipewi: 'Lake Tanganyika'. Mlima mmoja haupewi: 'Kilimanjaro'. Kisiwa kimoja hakipewi: 'Zanzibar', 'Pemba', 'Mafia'.

Sasa chukueni nchi moja moja. Gambia ni mto kwanza, na nchi ni ukanda mwembamba kwenye kingo zake, kwa hiyo 'the Gambia'. Kongo ni mto, kwa hiyo 'the Congo'. Bahamas na Ufilipino ni makundi ya visiwa. Uholanzi kwa jina lake la Kiingereza ni 'nchi za chini', kwa wingi. Marekani ni 'majimbo yaliyoungana', na majimbo ni nomino ya kawaida. Vivyo hivyo tunaposema kwa Kiingereza 'the United Republic of Tanzania', ile 'the' ni ya jamhuri. Ondoeni jamhuri, nayo inaondoka.

Tuna mfano wetu wa karibu, kusini-magharibi ya hapa. Ugalla ni mto, na Ugalla pia ni jina la nchi ya zamani ya Wagalla. Mwandishi wa Kiingereza akiandika 'the Ugalla', anasema mto. Akiandika 'Ugalla' bila kitu, anasema nchi. Herufi tatu ndizo zinazotenganisha maji na ardhi. Mwalimu wa Tabora anayetafuta mfano wa kuandika ubaoni hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Lugha nyingine zilizofika mji huu zilipanga mambo kwa namna zao. Waarabu wa Oman walikuwa na 'al' yao, nao husema as-Sudan na al-Yaman, lakini Uman na Misr hazipewi. Sudan ya Waarabu ilianza kuwa maelezo, 'nchi ya watu weusi', na alama ya maelezo hayo ndiyo iliyohamia kwa Waingereza wakasema 'the Sudan'. Mapadri wa Kifaransa waliofika hapa miaka ya mwisho ya 1870 walikuwa na lugha inayozipa karibu nchi zote kibainishi, Tanzania na Uganda zikiwemo. Wajerumani hawazipi nchi nyingi, lakini Kongo, Sudan na Uswisi huzipa. Kila lugha ina mpaka wake kati ya jina na maelezo, na mpaka huo husogea.

Mwaka 1920

Mwaka 1920 unastahili nafasi ya pekee, kwani ndipo kanuni hii ilipotugusa sisi wenyewe.

Reli iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita vikaja, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mji huu. Vita vilipokwisha, Uingereza ilikabidhiwa sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa ikiitwa na Wajerumani Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Jina hilo lisingeweza kubaki. Maofisa wa London wakaanza kutafuta jingine. Yalipendekezwa majina ambayo leo yanatushangaza: Smutsland, kwa heshima ya jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, Windsorland, New Maryland, Eburnea, Victoria. Yote yakakataliwa, ikaamuliwa litafutwe jina la kienyeji linalojulikana kuhusiana na nchi hii. Miongoni mwa majina yaliyofikiriwa hapo yalikuwa Kilimanjaro na Tabora.

Ndiyo, ndugu zangu. Jina la mji huu lilitajwa kama jina la nchi nzima. Mwishowe likachaguliwa jina la ziwa, Tanganyika, na nchi ikaitwa kwa Kiingereza 'the Tanganyika Territory'. Hapo 'the' ilikuwa ya neno 'Territory', eneo lililo chini ya udhamini. Tarehe 9 Desemba 1961 eneo la udhamini likawa dola huru. 'Territory' ikafutwa, na 'the' ikaenda nayo. Ikabaki Tanganyika, bila nyongeza, kama nchi nyingine huru.

Mwaka huohuo wa 1920 jirani zetu wa kaskazini, waliokuwa wakiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, walipewa jina la Kenya, ambalo lilikuwa jina la mlima. Basi tazameni nchi tatu, yetu na jirani zetu wawili. Kenya imetokana na mlima mmoja, na mlima mmoja kwa Kiingereza hauna 'the'. Tanganyika imetokana na ziwa moja, na ziwa moja halina 'the'. Kongo imetokana na mto, na mto una 'the'. Kama maofisa wale wangetuita kwa mto, tuseme Rufiji au Malagarasi, huenda tungetajwa kwa 'the' hadi leo. Mwanafunzi akipewa maelezo haya mara moja, hatasahau.

Niongeze kwamba majina yote matatu, kama majina ya dola, yalichaguliwa na watu waliotazama ramani. Ni majina ya maji na mlima. Hayakukusudiwa kutaja watu. Majina ya njia ya misafara yalitaja watu: Ugogo ni ya Wagogo. Ziwa Tanganyika lipo kwenye ukingo wa magharibi wa nchi, na wananchi wengi waliopewa jina lake hawakuwahi kuliona. Tulilipokea jina hilo, tukapigania uhuru nalo, na likawa letu kwa kazi hiyo. Hapahapa Tabora, Januari 1958, mkutano wa TANU ulifanya ule uamuzi wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, unaokumbukwa kama Uamuzi wa Busara. Jina lililotoka mezani kwa maofisa lilipata maana mpya kwa watu waliojadiliana wakiwa chini yake. Na mwaka 1964, baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, tulifanya jambo ambalo hatukuwahi kupewa nafasi ya kulifanya kabla. Tulijichagulia jina wenyewe, Tanzania, kwa kuunganisha Tanganyika na Zanzibar.

Wenye nchi wanaposema

Nimesema mpaka kati ya jina na maelezo husogea. Zamani Waingereza walisema 'the Lebanon', 'the Yemen', 'the Argentine'. Leo wengi wao hawasemi hivyo. Mabadiliko mengine yalikuja polepole kwa mazoea, na mengine yalikuja kwa sababu wenye nchi walisema.

Mwaka 1964, Gambia ikikaribia uhuru, ofisi ya waziri mkuu wake iliwaandikia Waingereza wanaoshughulikia majina ya kijiografia kuomba 'the' ibaki. Sababu mojawapo ilikuwa kuepusha kuchanganywa na Zambia, iliyokuwa inapata uhuru mwaka huohuo. Ombi likakubaliwa. Ukraine ilifanya kinyume. Kwa maelezo ya wengi jina lake linahusiana na mpaka au ukingo wa nchi, na Kiingereza kililiwekea 'the', kana kwamba ni sehemu tu ya nchi nyingine. Baada ya uhuru wa 1991, Waukraine walitaka 'the' iondoke, na leo mwandishi makini haiweki.

Nchi moja iliomba, nyingine ilikataa, na zote mbili zilikuwa na haki. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba 'the' ni dharau. Kibainishi peke yake hakimdharau mtu. Anayedharau ni yule anayeambiwa na wenye nchi jina lao lilivyo, naye akashikilia la kwake.

Kanuni hiyo inatuhusu na sisi watumiaji wa Kiswahili. Wabelgiji waliitawala nchi ya magharibi kwa jina la Ruanda-Urundi. Urundi ni jina lenye U- yetu, U- ya misafara. Tarehe 1 Julai 1962 wenye nchi walipopata uhuru waliiacha U- hiyo wakarudisha Bu- yao: Burundi. Uganda, iliyopata uhuru Oktoba mwaka huo, iliibakiza U-, kwa sababu ndani ya nchi ile yenye mataifa mengi 'Buganda' lingekuwa jina la taifa moja tu. Hapo tena mmoja aliondoa na mwingine akabakiza. Kiambishi chetu kiliheshimiwa pale kilipofaa na kikaachwa pale kisipofaa, na sisi hatukupungukiwa na kitu. Ndiyo maana tunasema Burundi bila shida, na anayesema 'Urundi' leo humkosea jirani.

Mambo ya kufanya darasani

Sikuja kuwapa historia bila kazi. Nina mapendekezo matatu kwa walimu.

La kwanza, tuache kufundisha orodha kavu ya nchi zenye 'the'. Mwanafunzi afundishwe kuuliza: jina hili lilianza kuwa jina la nini? Ni mto? Ni visiwa? Ni maelezo yenye neno kama jamhuri, falme au majimbo? Akijibu hilo, mara nyingi amekwisha kujua kama 'the' ipo. Yatabaki machache yanayokataa kanuni. Senegal na Niger nazo zimetokana na mito, lakini leo hazina 'the'. Hayo machache yataingia kichwani kwa urahisi zaidi yakisimama pembeni ya kanuni inayoeleweka.

La pili, mifano ianzie hapa. Kosa la kuandika 'the Lake Tanganyika' ni la kawaida sana katika madaftari yetu, na linatibika kwa kuweka Ziwa Tanganyika na Mto Malagarasi ubaoni, kimoja bila 'the', kingine na 'the'. Mto huo unaingia katika ziwa hilo. Watoto wanaviona kwenye ramani ya mkoa jirani.

La tatu, somo la lugha na somo la historia vikutane. Wanafunzi waende kwa wazee, waandike majina ya nchi za watemi yaliyokuwepo kabla ya wilaya na kata, waulize kila jina linamtaja nani au linaeleza nini. Urambo linamtaja mtu. Usukuma linataja upande. Mgunda Mkali lilieleza kiu ya wapagazi. Yapo mengine mengi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule, na wanaoyajua wanazidi kupungua. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji daftari, heshima mbele ya wazee, na mwalimu atakayesahihisha kilicholetwa kwa uangalifu uleule anaosahihisha insha.

Mtoto aliyefanya kazi hiyo atakapokutana na 'the Gambia' katika kitabu cha Kiingereza, hatakiona kama kioja cha lugha ya wageni. Atajua kwamba Waingereza, kama Wanyamwezi na Waswahili, waliyapa maeneo majina kwa jinsi walivyoyafikia, na kwamba majina hayo husahihishwa na wenye maeneo wakitaka. Atajifunza Kiingereza akiwa na lugha zake mkononi kama vipimo halali vya kupimia lugha nyingine. Hilo ndilo ninalolitaka kwa wanafunzi wa mji huu, na ninaamini walimu waliomo humu wanaweza kulianza muhula ujao.